Dakika Arobaini za Dadaepo

Juni 20
Picha kumi na moja zimekamilika. Ya kumi na mbili, ile kubwa, bado inanata kwenye mguu wa kulia wa bwana mwenye tikiti maji. Nitaandika humu mpaka maonyesho yafunguliwe Julai 22 na siku chache baada ya hapo, ili asije mtu akasema nilibahatisha. Nina miaka sitini na moja, nimeshika brashi miaka thelathini na sita, na hii ndiyo kazi yangu bora kuliko zote. Nasema hivyo nikiwa nimekunywa chai tu.

Nieleze mara moja, nisirudie. Vuli iliyopita nilinunua deki kuukuu la video kwa wauza vitu chakavu hapa Busan, nikaikuta kanda ndani. Dakika arobaini. Familia moja, siku moja, ufukwe wa Dadaepo. Kwenye pembe ya kioo imeandikwa 94.8.14, yaani Agosti 14, 1994. Hakuna jina. Tangu hapo nimekuwa nikiisimamisha kila sekunde chache kwenye televisheni yangu ya zamani. Picha inatetemeka, mistari myeupe inakata nyuso, rangi ya bahari inavuja mpaka kwenye mchanga. Nachora vyote, uso na mistari. Wenzangu wanachora maua ya plamu.

Juni 25
Msimu wa mvua umeanza leo. Mashine ya kukausha hewa inajaza ndoo mbili kwa siku, na rangi ya mafuta haina habari.

Juni 27
Maeng Hye-rim, mwenye ukumbi wa sanaa, amepanda mpaka huku Yeongdo na viatu vyake vyembamba kwenye matope. Ana miaka thelathini na nane na huongea na simu zaidi kuliko anavyoongea na watu. Alisimama mbele ya picha kubwa, simu akaitia mfukoni.

"Mwalimu, huyu bwana! Anacheka mpaka nimesikia sauti."

Picha yenyewe ni hii: mwanaume wa miaka arobaini, fulana nyeupe, amelinyanyua tikiti zima juu ya kichwa kwa mikono miwili, anacheka. Umemtazama kutoka chini, kwa hiyo yeye na tikiti wanaifunika mbingu. Mstari wa kanda unampita kifuani. Nimeiita "Furaha ya Agosti".

"Na hii pembe ya kutazama kutoka chini," Maeng akasema, "hii nitaiandika ukutani. Jicho la Pyo Yeon-hui."

Nilimwambia aandike. Sikuona sababu ya kujifanya mnyenyekevu.

Juni 30
Mvua. Mguu bado unanata.

Julai 3
Kadi za mwaliko zimetoka, bwana mwenye tikiti mbele. Maeng ameisambaza pia kwenye simu. Anasema imetazamwa na watu elfu nne, kana kwamba amewapikia yeye.

Julai 6
Leo nitaandika kirefu.

Saa tisa alasiri mlango uligongwa mara moja ukafunguka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, buti nyeupe za jikoni, alama ya kofia ya wavu bado iko kwenye paji la uso. Mwavuli hakuufunga. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya picha kubwa, maji yakamwagika sakafuni kwangu, na hakuniangalia.

"Wewe ndiye uliyemchora?"

"Ni mimi. Unamjua?"

"Baba yangu."

Niandike ukweli: nilifurahi. Mwaka mzima nimekuwa na mtu huyu, nimempaka kope moja moja, na sasa damu yake imeingia kwa miguu yake. Nikavuta kiti.

"Karibu, dada, karibu! Kaa, umelowa. Mtu mwenye kicheko kama hiki, nilijua tu kwamba watoto wake..."

"Usimalizie."

Nikakiachia kiti.

"Unaiona hiyo mikono?" akasema. "Saa moja baada ya hapo hilo tikiti lilipasuka. Alilidondosha mwenyewe, amelewa. Akasema ni dada yangu aliyelidondosha. Akavua mkanda akampiga palepale mchangani, watu wa mahema ya jirani wanatazama. Wakageuza nyuso, wakaendelea kula. Dada alikuwa na miaka kumi na saba. Na wewe umemwandikia 'Furaha'."

"Hilo halimo kwenye kanda," nikasema.

"Ahaa. Halimo kwenye kanda, basi halikutokea."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo. Mita mbili za turubai umesema hivyo, kwa rangi." Hapo ndipo alipoufunga mwavuli, kwa hasira, ukatoa mlio. "Alikufa mwaka jana. Mazishini watu wazima walikuwa wananishika mkono, 'alikuwa mcheshi baba yako, alikuwa mcheshi.' Nikasema sawa, ameshakwenda, sitamwona tena akichekewa. Leo asubuhi wenzangu jikoni wananionyesha simu, eti tazama huyu mzee, anachekesha! Mtoe."

"Siwezi kukujibu sasa hivi."

"Basi kaa naye."

Aliandika jina lake nyuma ya kadi ya mwaliko kabla ya kutoka: Tak Geum-ran, jikoni, shule ya msingi ya juu ya kilima. Aliandika kwa kukandamiza mpaka kalamu ikapasua karatasi.

Julai 7
Nimekasirika, na sitaificha hasira yangu kwenye daftari langu mwenyewe. Sikumjua mtu yule. Nilichora kilichokuwa kwenye kioo. Mchoraji akianza kuomba ruhusa kwa kila uso aliouona, atabaki kuchora matofaa, na hata tofaa lina mwenyewe.

Nimempigia Maeng nikitegemea atasimama upande wangu. Kadi zimeshakwenda, na yeye ni mtu wa biashara. Badala yake akasema, "Niache nifikiri, Mwalimu."

Julai 8
Ameiondoa! Picha haipo tena kwenye ukurasa wa ukumbi. Nilimpigia hata viatu sijavaa.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Nimeiondoa kwanza, kugombana tutagombana baadaye."

"Unamwogopa mtu mmoja kati ya elfu nne?"

"Simwogopi. Ila huyo mmoja, Mwalimu, ndiye pekee anayemjua." Kisha sauti ikashuka. "Mimi pia nilikuwa na baba ambaye wageni walimpenda sana."

Miaka sita nimefanya kazi na huyu binti nikidhani ana simu tu.

Julai 9
Mvua kutwa. Nimepika tambi, zikavimba, sikula.

Julai 10
Seok Man-ho, fundi fremu, ameleta fremu nne. Tumezeeka pamoja kwenye kilima hiki na hajawahi kunipa sifa hata moja.

"Mbao zimevimba kama uso wa mlevi," akasema. "Lakini wewe umevimba kuliko mbao. Nani amekutukana?"

Nikamsimulia. Hakuegemea upande wowote. Akaketi kwenye ndoo ya rangi, akaniambia niiweke kanda. Tukaitazama toka mwanzo, bila kuisimamisha. Mimi sikuwa nimeitazama hivyo tangu vuli. Kila mara nilikuwa naikatakata.

Baba anasimika hema. Mama anamenya mahindi ya kuchemsha. Msichana mkubwa mwenye kaptula ya bluu anabeba maji. Baba anaimba. Tikiti. Mawimbi.

"Watatu," Seok akasema.

"Ndiyo."

"Na huyo aliyekuja kwako ni yupi? Maana si mama, na wewe unasema aliyepigwa ni dada yake."

Nikainuka, nikaisogelea televisheni.

"Sasa nani ameshika kamera, Mwalimu?" akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia misumari.

Mwaka mzima. Picha kumi na mbili. Sijawahi kujiuliza.

Julai 11
Nimepanda kilimani chini ya mvua ya mshazari. Watoto walikuwa wameshakula. Tak Geum-ran alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya sufuria, anasugua.

"Umemtoa?" akauliza bila kutoka.

"Bado. Nimekuja na swali moja. Kamera uliishika wewe?"

Akaacha kusugua. Akatoka, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole.

"Baba aliiazima kwa mwenzake wa karakana ya meli," akasema. "Alitaka tuonekane familia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilipoishika tu nikaligundua jambo: aliyeshika kamera haitwi. Haambiwi leta bia, haambiwi kwa nini umenuna. Hata yeye akikusogelea anakumbuka kucheka. Nikasema sitaitua. Nikarekodi mpaka kanda ikaisha."

"Na kanda ilipoisha?"

"Ndipo tikiti lilipopasuka."

Mpishi mwenzake alipita na beseni la figili, akatuangalia, akaongeza mwendo.

"Dada aliniangalia," Geum-ran akasema. "Anapigwa, ananiangalia, na mimi bado nina kamera mkononi. Kanda imekwisha lakini nimeiweka jichoni vilevile, kama mjinga. Tangu siku ile ananiona mimi ndiye niliyekuwa upande wa baba. Mtoto wa baba, mwenye mchezo wake. Mama alipofariki tuligombana kwa hilo hilo, na leo ni miaka tisa hatusemezani. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyesafisha nyumba. Alitupa kila kitu. Ndivyo kanda ilivyokufikia."

Nilisimama na mwavuli wangu kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Kisha nikasema nililokuja kusema.

"Ile pembe ya kutoka chini, inayosifiwa na kila mtu. Nilidhani ni yangu. Ni urefu wako tu. Urefu wa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyechuchumaa nyuma ya kamera." Na nikaongeza, kwa kuwa lilikuwa kweli: "Una jicho zuri sana."

Akanitazama kuona kama namdanganya.

"Mimi napika supu ya watoto mia mbili," akasema. "Sijawahi kuiona hiyo kanda."

"Njoo uione."

Julai 13
Amekuja baada ya kazi, na chapati za vitunguu majani kwenye bakuli, za moto, maana mvua kama hii ukiingia nyumba ya mtu mikono mitupu unaonekana huna adabu, hata kama umekuja kugombana. Tulikula kwanza. Halafu nikaweka kanda.

Alipomwona baba hakutikisika. Alipoisikia sauti ya mama yake akisema "njooni mle, yanapoa," akaweka kiganja mdomoni.

Nilikuwa nimeitazama jana yake mara tatu, na karatasi pembeni. Sasa nikamwonyesha. Baba anaimba, anacheza, anafanya kila kitu ili kamera imwangalie. Kamera inamwangalia kidogo, halafu inateleza. Inamwacha, inakwenda kwa msichana wa kaptula ya bluu. Anabeba maji, kamera inamfuata. Amekaa peke yake, kamera inamtafuta nyuma ya hema mpaka inampata. Inarudi kwa baba kwa hofu, inateleza tena.

"Mara thelathini na moja," nikamwambia. "Nimehesabu. Katika dakika arobaini umerudi kwa dada yako mara thelathini na moja."

Hakulia kwa sauti. Alikaa na chapati nusu mkononi mpaka kioo kikawa chenga tupu.

"Nilikuwa nahakikisha yuko sawa," akasema baadaye. "Sikukumbuka. Nilikumbuka lile jambo la mwisho tu."

Nikamwambia nitaitoa picha kubwa. Nilimaanisha. Iliniuma kama kung'oa jino zima, lakini nilimaanisha.

"Hapana," akasema. "Mwache. Lakini hiyo 'Furaha' ifute. Na watu wajue nani alikuwa anatazama."

"Nataka nimchore dada yako pia. Dakika ya thelathini na moja anageuka, anakutazama moja kwa moja."

"Umwulize kwanza," akasema haraka. "Umeshamaliza kuchora watu bila kuwauliza."

Nikakubali. Mwezi uliopita ningebisha.

Julai 15
Maeng amekuja na maneno mapya ya ukutani. Ameyaandika mwenyewe, mistari minne: kanda ilirekodiwa Agosti 1994 na Tak Geum-ran, akiwa na miaka kumi na mitatu, michoro ni ya Pyo Yeon-hui. Majina mawili, herufi za ukubwa mmoja.

"Inakuuma?" akauliza.

"Kidogo," nikasema. "Weka hivyohivyo."

Picha kubwa sasa inaitwa "Kabla Kanda Haijaisha". Jina amelitoa Geum-ran.

Julai 16
Mguu umekauka!

Julai 19
Tumetundika. Seok alisahihisha kila msumari wa Maeng, na Maeng alimjibu kila mara, "Ndiyo, babu," mpaka mzee akanuna. Geum-ran amepewa kadi ishirini. Amechukua moja. Ameituma kwa posta kwa dada yake huko Daegu. Sikumwuliza kama aliandika neno.

Julai 22
Mvua imepiga toka asubuhi na watu wamekuja hivyohivyo, miavuli imejaa mpaka ngazini.

Mimi najijua. Kwenye ufunguzi huwa natembea kama mwenye nyumba, na leo nimetembea hivyo. Picha zimesimama vizuri, na ninaweza kuandika hilo bila kushusha macho. Mwandishi mmoja wa gazeti, mwenye miwani ya duara, alinishika kiwiko mbele ya ile kubwa.

"Mwalimu, ni ujasiri kuinamisha jicho namna hii. Mtu huyu anapendeza, na papo hapo anatisha. Ulifikiaje pembe hii?"

Zamani ningempa jibu la nusu saa. Nikamgeuza mabega taratibu, nikamwelekeza kwa mwanamke mwenye gauni la kijivu lililokaa vibaya, aliyekuwa amejibanza karibu na sahani za keki za mchele.

"Mwulize huyo. Ni yeye aliyekuwa pale."

Geum-ran alitaka kukimbia, nilimwona. Kisha akameza keki.

"Nilikuwa nimechuchumaa," akamwambia. "Ukichuchumaa huonekani sana."

Yule bwana akasahau kuandika. Watu wawili watatu wakasogea. Alisimulia kwa sauti ndogo, bila kupamba, kama mtu anayeeleza supu inavyopikwa, na nilipopita mara ya pili kulikuwa na watu kumi na tano na hakuna aliyekuwa anakula.

Dada yake hakuja.

Julai 24
Picha tano zimepata wenyewe. Ile kubwa nimesema haiuzwi. Maeng hakubisha.

Julai 26
Wametangaza msimu wa mvua umekwisha. Nyenje wamelipuka wote kwa pamoja kwenye miti ya nyuma ya ukumbi.

Julai 29
Jumamosi. Geum-ran amejipangia kuja kila Jumamosi, anasema ni kusaidia, lakini kazi yake kubwa ni kumsahihisha Maeng anapowaeleza wageni. Saa nne na nusu asubuhi aliingia mwanamke mrefu, mkoba ameukumbatia, na kadi yetu mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Nimemchora mgongo mara mbili, na kiwiko mara tatu. Ningemjua gizani.

Alisoma maneno ya ukutani. Akarudia kusoma. Akapita picha moja moja, na kwenye ile kubwa akasimama pembeni kabisa, kama mtu anayepisha gari.

Geum-ran alitoka nyuma na ndoo ya maua, akamwona. Ndoo akaiweka chini polepole.

"Dada."

Tak Geum-ju hakugeuka. "Umempamba," akasema. "Hata amekufa, bado unampamba."

"Dada, sikia..."

"Nilikuwa namwangalia nani mimi siku ile? Si wewe? Nikasema angalau huyu atapiga kelele. Na wewe umeinua lile dude lako, unacheza."

Nilijua si pahali pangu, lakini televisheni ilikuwa palepale, tuliiweka kwenye kona ili wageni waone kanda. Nikaisogeza mbele mpaka dakika ya ishirini na sita, nikaongeza sauti, nikasema, "Mama, samahani. Tazama kamera inakokwenda. Usimtazame yeye. Tazama kamera."

Alitazama kwa kuwa ni mtu mwenye heshima na mimi ni mkubwa wake. Baba akaimba, kamera ikateleza. Kaptula ya bluu. Baba akapiga makofi, kamera ikarudi, ikateleza. Kaptula ya bluu, nyuma ya hema, anakunja taulo. Kamera inangoja. Haiondoki mpaka amemaliza kukunja.

Ilipofika mara ya tano nadhani, Geum-ju akausogeza mkoba wake begani, akaketi sakafuni mbele ya kioo, mtu mzima na suruali yake ya pasi.

"Hivi ni mara ngapi?" akauliza.

"Thelathini na moja," mdogo wake akasema. "Mwalimu amehesabu. Mimi sikujua, dada. Nilikuwa tu nakuangalia."

Dakika ya thelathini na moja msichana wa kaptula ya bluu akageuka, akatazama moja kwa moja, na kwa sekunde mbili hivi akatoa ulimi. Geum-ju akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikageuka kuwa kitu kingine katikati, na Geum-ran akaketi sakafuni karibu naye, bega likagusa bega. Maeng alikuwa amefika mlangoni. Nilimwashiria abaki hapohapo, akabaki, na simu yake ilipolia akaizima bila kuitazama.

Waliitazama mpaka mwisho, kisha toka mwanzo.

"Na wewe uko wapi humu?" Geum-ju akauliza.

"Simo."

"Hata mara moja?"

"Nani angenirekodi?"

Geum-ju alifikiri kidogo. Akainuka, akapangusa suruali, akatoa simu kwenye mkoba, akaanza kurudi nyuma akitafuta mwanga mzuri.

"Simama," akasema. "Simama hapo ukutani. Hapana, mbali na baba, usimjali. Hapo. Inua uso. Nywele, Geum-ran, toa nywele machoni. Na useme kitu, hii ni video."

"Niseme nini?"

"Lolote. Sema jina lako."

Taa moja ilikuwa inammulika vibaya usoni. Nikaizima, nikasogea pembeni nisiingie kwenye picha.